Kimbia Mikono Ikiwa Wazi: Somo la Matumaini kwa Kijana Anayeota Kucheza Mpira Chuoni



Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako usome Rum 8:24-25, 1 Kor 9:24-27 na Mt 7:7-11. Kama una Katekisimu ya Kanisa Katoliki, soma pia namba 1817 hadi 1821, halafu 2091 na 2092. Ni kurasa chache tu, hazitakumalizia bando.

Somo la leo limetokana na kosa langu mwenyewe, kwa hiyo naanza nalo.

Mwaka jana nilikuwa likizo hapa Ibadakuli. Jioni moja baada ya mazoezi ya kwaya, dogo mmoja wa kidato cha tatu alinifuata nje ya kanisa. Ni winga wa kulia wa timu ya shule yao, ana mbio kwelikweli. Akaniambia, "Frateri, naomba uniombee. Nataka skolashipu ya mpira nikasome Marekani, nikachezee chuo." Akatoa simu akanionyesha meseji za mtu anayejiita wakala, na picha ya jezi ambayo tayari ilikuwa imeandikwa jina lake mgongoni. Macho yake yalikuwa yanang'aa. Mimi nilikuwa na haraka, chakula kilikuwa mezani. Nikamshika bega nikasema, "Sali novena, mdogo wangu. Mungu hamtupi mja wake." Nikaondoka.

Wiki tatu baadaye nilikutana na mama yake njiani. Nikamsalimia, "Mwadila, mayu." Akaitika, kisha akanyamaza kidogo. Ndipo akanieleza. Walikuwa wameuza ng'ombe mmoja mnadani, wakatuma shilingi 800,000 kwa yule wakala, eti ni ada ya majaribio. Akaomba nyingine 600,000 za visa. Walipomwambia hawana, namba yake haikupatikana tena. Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Frateri, si wewe ulimwambia asali, Mungu atafungua mlango?"

Ndugu zangu, nilikuwa nimemaliza miaka ya falsafa. Ungenipa mtihani juu ya matumaini ningepata alama nzuri tu. Lakini dogo aliponiletea tumaini lake mkononi, nilimpa nusu ya somo, na ile nusu iliyobaki ikamgharimu mama yake ng'ombe. Leo nataka niwape somo zima.

MPOKEAJI NI NANI?

Askofu wa kwanza wa Jimbo letu la Shinyanga, Edward McGurkin, alikuwa mmisionari wa Maryknoll kutoka Marekani. Ndiyo maana watu wa huku tumezoea kuona mapadre Wamarekani. Nilipokuwa mdogo, mmoja wao, mzee sana, alitutembelea akiwa na mpira wa ajabu wenye umbo la yai. Ni ule mpira wa Kimarekani, unaochezwa kwa mikono, wachezaji wakiwa wamevaa helmeti kama bodaboda.

Katika mchezo ule kuna mtu mmoja anayerusha na wengine kazi yao ni kupokea. Mzee alitupanga mstari, akatufundisha kupokea. Sisi wote tulifanya kosa lile lile: tulisimama tukimtazama yeye, tukingoja mpira uje. Akacheka, akatueleza kwamba mpokeaji hangoji. Anakimbia kwenda mahali walipokubaliana na mrushaji, na mara nyingi mpira unarushwa kabla hajageuka. Anapofika na kugeuza kichwa, mpira uko hewani, unakuja. Ikiwa hakukimbia, hata urushwe vizuri kiasi gani utaanguka chini. Na ikiwa amekunja ngumi, hawezi kudaka.

Sikujua wakati ule kwamba nilikuwa nafundishwa teolojia. Kijana mwenye matumaini ni mpokeaji. Anakimbia kwa nguvu zake zote kuelekea kitu ambacho hajakishika, na wakati huohuo anajua kwamba kitu hicho hakitoki kwake.

ALAMA NNE ZA TUMAINI

Mt. Thomas wa Akwino, katika Summa Theologiae, anasema tunachokitumainia lazima kiwe na alama nne: kiwe chema, kiwe hakijafika, kiwe kigumu kukipata, na kiwe kinawezekana. Ikikosekana hata moja, ulicho nacho ni kitu kingine, siyo tumaini. Tuzipitie moja moja, tukiwa na ndoto ya yule dogo mkononi.

1. Ni jema?

Usikimbilie kujibu ndiyo. Kucheza mpira ni jambo jema. Mtakatifu Paulo mwenyewe alichukua mifano kwa wakimbiaji na wapigana ngumi, hakuona aibu. Kusoma chuo ni jambo jema. Lakini jiulize wema uko wapi hasa katika unachokitaka. Je, unataka elimu, unataka kuusaidia ukoo wako, unataka kukuza kipaji ulichopewa? Au unataka tu wale waliokucheka waone picha zako ukiwa kwenye theluji? Mioyo yetu imechanganyika, na Mungu analijua hilo. Usiache ndoto kwa sababu ina majivuno kidogo ndani yake. Ila yataje majivuno hayo kwa jina lake mbele ya Mungu, uyapeleke kwenye kitubio, yasije yakashika usukani.

2. Bado halijafika

Hapa vijana wengi tunateleza. Ndoto ni ya kesho, lakini tunaanza kuishi kana kwamba imeshafika. Jezi ina jina tayari! Kwa nini nisumbuke na hesabu, na bailojia, wakati mimi naondoka?

Uwanja wa ndege wa Shinyanga uko hapahapa Ibadakuli. Kutazama ndege hakukupandishi ndege. Kinachokupandisha ni mambo ya leo, tena mengi hayapendezi. Kwa mfano, wangapi mnajua kwamba NCAA, chombo kinachosimamia sehemu kubwa ya michezo ya vyuo Marekani, kinaangalia kwanza darasa? Kwa daraja lao la kwanza, mwanafunzi anatakiwa awe amesoma masomo ya msingi 16 ya sekondari, na awe na wastani usiopungua 2.3 kwa kipimo chao cha 4. Kocha anaweza kukupenda kabisa, lakini vyeti vyako vikikataa, amekwama. Kwa hiyo dogo anayekesha na video za mabao huku daftari la Kiingereza likiwa tupu, amesimama akiutazama mpira. Hakimbii.

3. Ni gumu

Kitu rahisi hakihitaji matumaini. Ukitaka kununua vitumbua na hela unayo, unanunua tu.

Kule Marekani kwenyewe, ambako shule zina viwanja, makocha na mabasi, takwimu za NCAA zinaonyesha kwamba kati ya vijana 100 wanaocheza mpira wa Kimarekani sekondari, ni kama 7 tu wanaofika kuucheza kwenye vyuo vya NCAA. Hao ni watoto wa palepale. Mtu akikwambia wewe wa Ibadakuli utafika bila shida, tena ndani ya wiki sita, ujue anakuondolea alama ya tatu. Na tumaini lililoondolewa ugumu wake ni chambo cha kuvulia samaki, na samaki ni wewe.

4. Linawezekana, lakini kwa msaada wa nani?

Hii ndiyo nusu ya somo niliyomnyima dogo. Thomas anasema jambo gumu linaweza kuwezekana kwa nguvu zako mwenyewe au kwa nguvu za mwingine anayekusaidia. Kwa hiyo kila tumaini lina swali ndani yake: nani anakusaidia? Unamfahamu? Anaaminika?

Ningemuuliza dogo swali hilo pale nje ya kanisa, dakika kumi zingetosha. Tungetazama pamoja. Kocha wa chuo halali anaonekana kwenye tovuti ya chuo chake, na anaandika kwa barua pepe ya chuo. Haombi umtumie hela ya majaribio kwa namba ya simu. Mawakala wa mpira wa miguu wenye leseni, FIFA inayo orodha yao mtandaoni. Na kama ni kusajiliwa na klabu ya nje, kanuni za FIFA kwa kawaida haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Dogo alikuwa na miaka 17. Mwalimu wake wa michezo angeliona hilo. Hata mimi ningeliona, kama ningeacha chakula kipoe kidogo.

Kusali hakuchukui nafasi ya kuuliza. Busara ni fadhila, nayo inatoka kwa Mungu yuleyule tunayemwomba novena.

Na tusidharau milango iliyo karibu. Mikoa yetu hii imetoa Stand United na Mwadui zilizocheza Ligi Kuu, na msimu wa 2021/22 mfungaji bora wa Ligi Kuu alitoka Geita Gold: George Mpole, mabao 17. UMISSETA ipo kila mwaka. Vyuo vikuu vyetu navyo vina timu. Mungu hajasema kwamba baraka zake lazima zipitie Marekani.

MCHEZO MMOJA, VIJANA WAWILI

Sasa nirudi kwa yule mpokeaji, maana nina hadithi ya kweli ambayo huwa naipenda.

Tarehe 3 Februari 2008, timu ya New York Giants ilicheza fainali ya mpira wa Kimarekani, Super Bowl, dhidi ya New England Patriots waliokuwa wameshinda michezo yao yote 18 ya msimu ule. Giants walikuwa na mpokeaji anayeitwa David Tyree. Katika msimu wa kawaida alikuwa amedaka mipira 4 tu. Yaani mtu wa benchi. Dakika za mwisho, Giants wakiwa nyuma, mrushaji wao Eli Manning aliponyoka mikononi mwa wapinzani, akarusha mbali. Tyree akaruka, akaudaka, na beki alipojaribu kuung'oa akaubana kwenye helmeti yake kwa mkono mmoja mpaka wakaanguka chini wote. Haukugusa ardhi. Muda mfupi baadaye Giants wakapata pointi za ushindi, 17 kwa 14. Tyree hakudaka tena mpira mwingine katika mchezo wa ligi ile mpaka alipostaafu. Miaka yote ya mazoezi, na mpira wenyewe uliosubiriwa ulikuwa mmoja.

Lakini pembeni alikuwepo kijana mwingine wa timu hiyohiyo, ambaye sisi watu wa Afrika Mashariki tungepaswa kumjua zaidi. Anaitwa Mathias Kiwanuka. Alizaliwa Indianapolis, babu yake ni Benedicto Kiwanuka, Mkatoliki, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu. Tarehe 21 Septemba 1972 askari wa Idi Amin walimkamata mzee huyo palepale Mahakama Kuu, Kampala, wakamuua. Mjukuu alisoma sekondari ya Kikatoliki, Cathedral, Indianapolis, akacheza mpira huko, akapata nafasi Boston College, chuo cha Wajesuiti, na mwaka 2006 Giants wakamchagua katika raundi ya kwanza. Ndoto ya kijana wa sekondari ilitimia kabisa, tena kwa njia ya shule za Kanisa.

Halafu Novemba 2007 akavunjika mguu. Wenzake walipocheza fainali ile, yeye hakucheza. Mwaka 2010 akaumia shingo, akakosa sehemu kubwa ya msimu. Lakini Februari 2012 Giants walifika fainali tena, na ilichezwa wapi? Indianapolis, mji alikozaliwa. Safari hii aliingia uwanjani, na wakashinda 21 kwa 17.

Ningeweza kuishia hapo na kukuambia, "Vumilia, na wewe fainali yako itachezwa nyumbani." Ningekuwa nakudanganya. Wengi wamevunjika mguu na hakukuwa na 2012. Mzee Benedicto mwenyewe aliitumainia haki katika nchi yake, na alitoka mahakamani mikononi mwa wauaji. Je, tumaini lake lilikuwa bure? Kama tumaini ni kupata tu kile ulichokitaka, jibu ni ndiyo. Mkristo hawezi kujibu hivyo, na hapa ndipo falsafa inabidi iipishe imani.

TUMAINI DOGO NA TUMAINI KUBWA

Mwaka 2007 Papa Benedikto XVI aliandika waraka juu ya matumaini, Spe Salvi. Anaeleza kwamba tunayo matumaini mengi madogo ya kila siku, na tunayahitaji: kufaulu, kupendwa, kupata kazi. Lakini hata yakitimia, moyo unagundua kwamba bado haujashiba. Lazima kuwe na tumaini kubwa linaloyabeba hayo madogo, na hilo ni Mungu mwenyewe.

Mfikirie Hasheem Thabeet wetu wa Dar es Salaam. Alianza kikapu akiwa na miaka kama 15, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika NBA nzima, mbele ya Stephen Curry. Mtanzania wa kwanza! Mwaka uliofuata timu yake ikampeleka ligi ya chini kwa muda, na maisha yake NBA hayakuwa marefu. Simsemi vibaya, alifika mahali ambapo hakuna Mtanzania aliyekuwa amefika. Nasema tu kwamba hata ukifika, unakuta kuna kesho nyingine yenye ugumu wake. Ukiweka roho yako yote kwenye jezi, siku jezi inapovuliwa unabaki nani?

Katekisimu inatutahadharisha na mitego miwili. Mmoja ni kujiamini kupita kiasi: kudhani utafika bila Mungu, au kudhani Mungu atafanya yote bila wewe kuwajibika. Huyo ni mpokeaji asiyekimbia. Mwingine ni kukata tamaa: kuamini kwamba hakuna tena mtu wa kukurushia. Huyo amekunja ngumi.

Dogo wetu alipita mtego wa kwanza, akaangukia wa pili. Baada ya hela kupotea aliacha mazoezi. Akaacha Misa. Akaanza kusema ataenda Geita, kwenye mashimo ya dhahabu, akarudishe ng'ombe wa mama. Shule basi.

Nilikwenda nyumbani kwao. Nilimwomba mama msamaha mbele yake, kisha nikamwomba na yeye. Tulikwenda wote watatu polisi kutoa taarifa, ingawa hela haijarudi mpaka leo. Sikumwambia tena "Mungu hamtupi mja wake," ingawa naamini hivyo. Nilimwambia, "Mama yako aliuza ng'ombe kwa sababu yako. Kabla hujaenda shimoni, fikiria vizuri alikuwa ananunua nini." Akalia. Nami nikalia kidogo.

Sasa yuko kidato cha nne. Hajawa staa. Jumapili nyingine namwona kanisani, nyingine simwoni. Mazoezini amerudi, na mwalimu wake wa Kiingereza ananiambia daftari lake siku hizi lina maandishi. Kama atacheza chuo Marekani, au Mwanza, au asicheze kabisa, sijui. Ninachojua ni kwamba anakimbia tena.

MASWALI YA TAFAKARI

Yajadilini kwenye TYCS, VIWAWA au jumuiya yenu:

1. Andika tumaini lako kubwa la mwaka huu kwa sentensi moja. Lipime kwa alama nne. Ipi inalegalega?
2. Ni jambo gani dogo la leo, lisilopendeza, ambalo ndiyo mbio zako kuelekea tumaini hilo?
3. Nani anakusaidia? Je, umemwonyesha mzazi, mwalimu au paroko meseji za mtu huyo?
4. Nani amewahi kukuletea tumaini lake, ukampa jibu la haraka? Unaweza kumrudia wiki hii?

TUSALI

Ee Bwana, umetupa miguu ya kukimbia na mikono ya kupokea. Tufundishe kutamani yaliyo mema, kufanya kazi ya leo, kutoogopa magumu, na kumjua anayetusaidia. Wafariji waliodanganywa na kupoteza walichokuwa nacho. Tukikosa tulichokiomba, tusikukose wewe. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Na ukimwona mdogo wako anaangalia simu macho yakimng'aa, kaa naye. Chakula kitapoa kidogo, lakini bado kitalika.